Feni ya ghala kwenye chumba cha mama pale Kawale: fundi nguo niliyesahau kupima

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kwenye AC na mnaojipepea na kipande cha boksi.

Juzi kuna mdau aliuliza humu anunue feni gani ya dari kwa ajili ya chumba chake. Nikasoma majibu yote. Karibu kila mtu anamwambia "chukua kubwa tu mkuu, hutajuta."

Mimi nilichukua kubwa. Nikajuta.

Nitakayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, na aibu iliyomo ni yangu, sijaiazima kwa mtu. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hiyo mwenye maji ya kunywa ayasogeze karibu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, kule Kongo. Niliingia Malawi miaka ya mwanzo ya elfu mbili nikiwa na baba na mama, tukapokelewa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kazi yangu ni ushonaji. Yaani kazi yangu ni kupima watu. Hilo naomba mlishike, litawahusu baadaye.

Baba tulimzika Dzaleka mwaka 2006. Moyo ulimbana asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Tukaanza kutafuta gari la kumpeleka mjini. Gari likapatikana mchana. Alikuwa ameshaondoka.

Sina wa kumlaumu, umbali ndio ulivyo. Ila tangu siku ile nikisikia mtu mzima anasema "kifua kinanibana", mwili wangu wote unasimama.

Sasa mwaka 2013 mama naye akaanza. Presha, moyo, miguu kuvimba. Daktari wa mjini akasema anataka kumwona kila wiki, asikose hata wiki moja, mpaka dawa zikae sawa. Tukapata barua ya kumruhusu kukaa mjini kwa matibabu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kawale, Lilongwe. Cherehani ipo barazani, kitanda ndani. Mke wangu na watoto walibaki Dzaleka kwa sababu ya shule, mimi naenda kwao wikiendi. Basi mama nikampa kitanda, mimi nikahamia kwenye godoro karibu na mlango. Kutoka pale hadi hospitali ni safari fupi ya minibasi. Kwa mara ya kwanza tangu 2006 nililala usingizi wa kueleweka.

Halafu ikafika Oktoba.

Wanaoijua Lilongwe wanajua Oktoba. Mvua bado, vumbi limejaa, bati juu linachemka tangu saa nne asubuhi. Chumba kile kilikuwa na siling bodi, lakini siling yenyewe iko chini, na dirisha moja tu. Mchana ndani ukiweka mshumaa unapinda. Msinibishie, niliuona kwa macho yangu.

Mama ni mtu wa Bukavu, na Bukavu ni mji wa sweta. Mvua, vilima, ziwa, asubuhi unakunywa chai umejifunika. Hata Dzaleka kuna upepo unaopita. Pale Kawale akawa anakaa pembeni ya kitanda, kilemba kimelowa, anahema kama ametoka kubeba maji.

Siku ya nne akaniambia, "Byamungu, papa," maana kwetu mama humwita mwanawe papa, "mi sitaweza. Hii joto inanikamata mu kifua. Wacha nirudi ku Dzaleka."

Nikamwambia, "Mama, na daktari?"

"Daktari atanikuta kule, kama ananitaka."

Mnaona wenyewe hesabu ilivyo. Akirudi Dzaleka atakosa wiki moja, halafu mbili, na siku moja asubuhi tutaanza kutafuta gari. Nilishaiona hiyo picha mara moja, sikutaka kuiona tena.

Nikaamua: nanunua feni. Ya dari, ile wenzetu wa Tanzania mnaiita pangaboi. Ya kusimama chini sikuitaka kwa sababu chumba kimejaa, angeipiga teke.

Nikachukua futi yangu ya kazini nikapima chumba. Mita tatu upande huu, mita tatu na kidogo upande ule. Nikaandika kwenye daftari la wateja, chini ya sketi ya dada mmoja wa kwaya.

Mafundi nguo wenzangu mmeshaanza kucheka. Sketi inapimwa kiuno, hipsi na urefu kwenda chini. Mimi chumba cha mama nilipima kiuno na hipsi. Kutoka sakafuni kwenda juu sikupima.

Nikaenda Old Town kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vilivyotoka kwenye majengo yaliyofungwa. Milango, mizani, mashelfu. Pale ukutani ilikuwa imeegemezwa feni moja, wakuu, feni ya inchi 56, chuma kitupu, mapanga matatu marefu, bomba la kuning'inizia refu kama mkono wangu kuanzia kiwikoni.

Jamaa akaniambia ilikuwa inapuliza ghala zima la tumbaku.

Nikajisemea, kama imeweza ghala la tumbaku, itashindwa mama mmoja?

Na kuna jambo la kwetu lazima niliseme. Sisi watu wa Bukavu, ukimnunulia mama yako kitu kidogo, utaanza kwanza kujieleza kwa majirani. Ukinunua kikubwa, majirani ndio wanaokueleza. Niliibeba ile feni kwa kabaza, baiskeli ya abiria, mimi nimekaa nyuma nimekumbatia mapanga, na nilimwomba dereva apite njia ndefu ili Kawale yote inione.

Innocent, jirani yangu Mnyarwanda anayetengeneza simu, akaja kunisaidia kuifunga. Innocent anajua simu. Nasema tu.

Tuliifunga katikati ya chumba kwa sababu katikati ndipo kulikuwa na ndoano na waya wa taa. Hatukufikiria zaidi ya hapo. Regulata ya kupunguza mwendo hatukuwa nayo, kwa hiyo akaiunganisha moja kwa moja na swichi. Iwake au izimike, basi.

Nikafanya testing. Nikasimama chini yake ikiwa imezimwa, nikanyoosha mkono juu. Haikunigusa, ilibaki nafasi ya kiganja.

Innocent akasema, "Iko muzuri sana. Hata mutoto akiruka haifikie."

Nikakubali.

Wakuu, mimi ni mfupi. Nimemfuata baba. Mama ni mrefu, tena mrefu wa kugeuziwa shingo sokoni. Tukitembea pamoja watu hudhani mimi ni kitinda mimba wake, kumbe ndiye wa kwanza. Na mimi, fundi ninayemfokea mwanafunzi wangu kila siku asijaribishie nguo ya mteja kwenye mwili wake, nilijaribishia feni ya mama kwenye mwili wangu.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, chumba kizima kilinuka tumbaku. Mama akakunja pua.

"We Byamungu, unavuta tumbako siku hizi?"

Lakini alicheka. Upepo ulikuwa mkali hadi kalenda ikatoka ukutani. Akalala mchana ule saa mbili nzima, mdomo wazi. Nilikaa barazani nashona huku namsikiliza anavyokoroma, nikajiona mwanaume kamili. Hiyo ilikuwa Jumamosi; wikiendi ile sikwenda Dzaleka, nilibaki na mama.

Jumapili asubuhi, jua limeshatoka, mimi niko nje nachochea mkaa wa chai.

Mama ana desturi yake ya miaka yote. Akiamka anajifunga kilemba, anasimama katikati ya nyumba, anainua mikono yote miwili juu kabisa na kuomba. Si kuinua mpaka mabegani. Juu kabisa, vidole vimenyooka. Aliomba hivyo Bukavu, aliomba hivyo njiani tunakimbia, aliomba hivyo Dzaleka. Nyumba zetu zote kabla ya pale hazikuwa na kitu cha kumzuia.

Asubuhi ile akawasha swichi kwanza, ili aombe kwenye ubaridi.

Nikasikia ta-ta-ta, halafu sauti ya mama, ambayo sitaiandika hapa.

Nilipoingia alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kilemba kilikuwa juu, kimejizungusha kwenye feni, kinapiga siling. Nikazima. Vidole viwili vilivimba papo hapo, na ukucha mmoja ulikuwa umetoka. Mungu ni mwema, ndio kwanza ilikuwa inaanza kuchukua mwendo. Ingekuwa imeshakolea, sijui ningekuwa naandika uzi wa aina gani.

Hospitali wakasema mfupa haujavunjika. Wakamfunga bandeji. Nesi akauliza imekuwaje, mama akajibu, "Nilikuwa ninaomba." Nesi akaniangalia mimi.

Tuliporudi akatoa begi lake chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo kwa mkono mmoja.

"Siku ya posho mi ninaenda," akasema. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. "Na ule vantilateri yako usiwashe tena. Afazali joto. Joto haina meno."

Nikamwomba radhi. Nikapiga magoti, sioni aibu kusema. Akanishika kichwa kwa ule mkono mzima, akaniambia hana hasira na mimi. Na hakuwa nayo, nilimwona machoni. Ilikuwa mbaya zaidi kwangu, maana mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza, lakini mama alikuwa ameshaamua tu.

Jumatatu asubuhi nikaamka nikamwona anaomba akiwa amekaa. Kitandani, mikono juu ya mapaja, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri basi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiomba amekaa. Vita haikumkalisha. Mimi nimemkalisha, na feni yangu ya ghala.

Nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo. Basi.

Sasa anaingia mtu wa kumshukuru. Tumwite Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri kwa Kichewa, maana Malawi ukirusha jiwe sokoni unampata Phiri, kwa hiyo sijamtaja mtu. Mzee wa Kimalawi, fundi umeme, mrefu, kofia ya sufu hata Oktoba. Alikuwa mteja wangu. Kila mwezi ananiletea ovaroli yake ileile, imechanika palepale, kwapani, pande zote mbili. Mimi naishona, anarudi tena.

Jumanne hiyo akaja na ovaroli yake. Akaniona sina raha, akauliza. Nikamweleza yote. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kichewa, changu cha kuvunjika, kwa hiyo nawaandikia Kiswahili.

Hakunicheka. Akasema, "Nionyeshe."

Akaingia, akavua kofia, akamsalimia mama kwa kupiga makofi taratibu kama wafanyavyo wao. Akaangalia feni. Akalitikisa bomba, feni ikachezacheza pale juu, vumbi la siling likadondoka. Akanigeukia.

"Umeifunga kwenye nini?"

"Kwenye ile ndoano."

"Ndoano imeshikwa na bodi tu. Hii feni ina uzito wa mbuzi. Ingekaa wiki mbili ingeshuka yenyewe."

Nikamtazama mama. Maana baada ya kumgonga vidole, ingemwangukia kichwani.

Akaishusha palepale, akaiweka nje. Halafu akaniambia anataka kujua mama anafika wapi akiomba. Nikamtafsiria mama: simama, inua mikono, mzee apime.

Mama akakataa. "Hapana. Mi sitasimama tena hapa. Umuambie merci, lakini siku ya posho ninaenda."

Nikamtafsiria. Nikajua imeisha.

 Bambo Phiri akatazama Biblia iliyokuwa mezani. Halafu akasema, "Basi kabla sijaondoka, tuombe."

Akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kichewa, sauti ya juu, ile ya kanisani.

Wakuu, wenye kuzijua ibada zetu mtanielewa. Kwetu hakuna mtu anayekaa wakati mwenzake anaomba, hata kama unaumwa, hata kama humwelewi lugha. Mama alijizuia kama sekunde tano. Halafu akainuka. Akasimama wima palepale katikati, akaanza "Amina, ndiyo Baba, amina", na mikono ikapanda. Wa kushoto, na ule wa kulia wenye bandeji. Juu kabisa.

Mimi macho yangu yalikuwa wazi, siwafichi. Na nikaona jicho moja la Bambo Phiri nalo liko wazi.

Akiwa bado anamwombea mama afya, watoto, wajukuu na nchi ya Malawi, akasogea polepole hadi ukutani, akatoa penseli sikioni, akaweka alama ukutani usawa wa vidole vya mama. Halafu akasema Amina.

Mama akafumbua macho, akaona ile alama, akatuangalia wote wawili.

Nikajua sasa tunafukuzwa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. "Huyu mzee iko mwizi," akasema. "Ameiba kipimo yangu mu maombi!"

Nikamtafsiria Bambo Phiri. Akajibu kwa heshima zote, "Pepani, amayi," yaani samahani, mama. "Na maombi yenyewe yalikuwa ya kweli."

Tukapima. Kutoka ile alama hadi kwenye siling ilibaki kama shibiri moja. Yaani katikati ya chumba kile hakuna feni ya dari yoyote ambayo ingemfaa mama, hata ya mdoli.

Mimi nikakata tamaa. Bambo Phiri akaketi kwenye godoro langu, akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Ni wapi humu ndani ambapo hakuna mtu anayesimama?"

Tukaangalia. Chumba kidogo vile, kila mahali panakanyagwa. Halafu mama mwenyewe, bila kutafsiriwa chochote, akapigapiga kitanda kwa kiganja.

Juu ya kitanda. Nani anasimama juu ya kitanda?

Bambo Phiri akapanda darini kupitia tundu la barazani, akatafuta mbao ya kenchi inayopita usawa wa kitanda, akaipata karibu na upande wa miguuni. Akapigilia mbao nyingine ya kukatiza ili mzigo ubebwe na paa lenyewe, bodi isibebe kitu. Halafu akanipeleka dukani yeye mwenyewe, asubuhi ya Jumatano, akiacha kazi yake nyingine.

Kule dukani nilijifunza mengi kuliko yote niliyowahi kusoma mtandaoni. Alichukua feni ya inchi 36, ndogo hadi nikaona haya. Ni ile aina isiyo na bomba, inakaa imebana kwenye dari. Akazungusha panga kwa kidole, akaweka sikio, akaikataa. Akachukua ya pili, akaikataa. Ya tatu ikazunguka kimya muda mrefu, akasema hii. Akaniambia feni haitengenezi baridi, inasogeza hewa tu, kwa hiyo kama dirisha limefungwa utakuwa unapulizwa na joto lako mwenyewe. Akanilazimisha kuchukua regulata. Akasema kwa mgonjwa mwendo wa kwanza na wa pili ndio dawa, wa tano ni wa ghala.

Kukawa na tatizo moja: chandarua. Mama alikuwa na kile cha duara, kinaning'inia kutoka katikati juu ya kitanda, na pale sasa ndipo panapita mapanga. Hilo nikasema niachieni mimi. Nikakata vyandarua viwili, nikashona kimoja cha pembe nne, nikasimamisha fito nne kwenye kona za kitanda, nikakifunga chini vizuri mbali na feni. Bambo Phiri akakizunguka kukikagua, akatikisa kila fito, akasema, "Zikomo," yaani asante, "sasa tuko mafundi wawili."

Alhamisi mchana tukaiwasha, mwendo wa kwanza. Chandarua kikaanza kupumua polepole. Mama akaingia ndani yake, akalala chali akiangalia juu. Sisi tumesimama kama watu waliopeleka mtoto mtihani.

"Iko ndogo," akasema.

Bambo Phiri akanyoosha mkono kwenye regulata.

"Njo muzuri." Yaani, kwa Kiswahili chenu, ndiyo nzuri.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nje na mkaa wangu. Nikasikia swichi. Nikaacha kila kitu nikachungulia dirishani. Mama alisimama katikati ya chumba, mgongo kwangu. Akatazama juu kwanza, pale palipokuwa na feni ya ghala. Palikuwa na tundu la ndoano tu. Akainua mkono wa kushoto, polepole, akapapasa hewa. Halafu wa bandeji. Halafu yote miwili ikanyooka mpaka mwisho.

Jumamosi ikapita. Begi likarudi chini ya kitanda. Hakukosa daktari hata wiki moja, miezi minane, mpaka wakasema sasa aje mara moja kwa mwezi na anaweza kurudi kukaa Dzaleka na wajukuu wake. Alirudi kwa miguu yake na furaha yake.

Umeme ulikuwa ukikatika, msidhani yalikuwa maisha ya hotelini. Ukikatika namwagilia maji baraza, anakaa pale, tunasubiri. Lakini siku nyingi upepo ulikuwepo.

Mdau ameniuliza PM kuhusu feni kubwa, iliishia wapi. Nilimpelekea mchungaji wetu Dzaleka. Ukumbi wa kanisa paa lake liko juu sana, kenchi ni za chuma. Bambo Phiri alikuja mwenyewe kuifunga, akala nsima na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mke wangu, akaiunganisha na regulata. Ipo hadi leo. Watu wanaruka, wanacheza, wanainua mikono, wamama na vilemba vyao virefu, na hakuna anayeikaribia. Haikuwa feni mbaya, nilikuwa nimeipa chumba kisicho chake.

Na ovaroli ya Bambo Phiri. Hili ndilo linanifanya nicheke peke yangu.

Alipokuwa darini nilimwona kwa chini, mikono juu, ovaroli inamvuta kwapani hadi uzi unalia. Miezi yote ile naishona na kumrudishia, sikuwahi kumwuliza anafanya kazi akiwa amesimama vipi. Nilimpima kama ninavyopima kila mtu, mikono chini kama askari. Huyu mtu anaishi mikono ikiwa juu!

Hakutaka nimlipe kwa kazi ile. Basi nikamwambia asimame, ainue mikono. Nikampima hivyo. Nikamshonea ovaroli mpya, nikaweka kipande cha ziada kwapani, pande zote mbili. Alipoivaa akanyoosha mikono juu, ikatulia. Akabaki hivyo barazani kwangu kwa muda, mikono juu, anatabasamu, wapita njia wanadhani nimemteka.

Tangu hapo kila mteja nampima mara mbili, mikono chini na mikono juu. Kwaya moja ikasikia, majoho yao hayapandi tena wakiimba. Kwaya nyingine zikafuata. Sehemu kubwa ya kazi ninayokula nayo sasa imetoka kwenye ile penseli ya Bambo Phiri.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza juzi, jibu langu ni hili. Usianze na feni. Anza na mtu mrefu kuliko wote atakayeingia humo, mwambie ainue mikono, weka alama, halafu ndipo uangalie kinachobaki hadi juu. Kama ni kidogo, tafuta ya kubana dari na uiweke mahali pasiposimama mtu. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinatosheka na ya inchi 36. Sebule ni habari nyingine, waliobobea watakujibu. Ifungwe kwenye mbao, si kwenye bodi. Regulata usiache. Na fundi awe wa umeme, Innocent anisamehe, ni rafiki yangu hadi leo na simu yangu hii ninayoandikia ameitengeneza yeye.

Bambo Phiri alifariki miaka miwili iliyopita, kwa uzee, nyumbani kwake. Wanawe waliniambia alizikwa na suti, lakini ovaroli ile waliikunja wakaiweka miguuni pake.  Asante, mzee wangu. Kama huko kuna dari, zipime vizuri.

Naombeni nanyi mniambie, kuna fundi gani aliyewahi kuwaokoa na kosa lenu wenyewe? Mwandikeni hapa chini, hata kama hatasoma. Na wenye feni katikati ya chumba, nendeni mkainue mikono sasa hivi, ikiwa imezimwa jamani.

Mwezi uliopita tumehamia nyumba nyingine pale Dzaleka, kubwa kidogo. Mzigo wote ulikuwa bado nje, sufuria, magodoro, cherehani. Wanangu wakataka kukimbilia ndani. Mke wangu akawazuia mlangoni, akawaambia wamwache bibi atangulie.

Mama akaingia peke yake. Akasimama katikati ya chumba kitupu, akafumba macho, akainua mikono yote miwili juu kabisa.

Halafu akatuita. "Ingieni," akasema. "Hii nyumba inatutosha."